Mlango Ulio Nyuma ya Antena

Najua wengi mlitarajia nilete kisa cha methali kama mwaka jana, lakini safari hii nimewaletea Fizikia. Tafadhali msifunue ukurasa mwingine! Nitajaribu kuieleza kwa Kiswahili, na pale maneno yaliponishinda nimeazima.

Mambo yalianza likizo ya Aprili. Shangazi yangu aliye Marekani alimletea mama simu ya kukunja iliyokuwa imekaa kabatini mwake miaka na mikaka. Mama alifurahi ajabu, akampa dada yangu mulika mwizi yake, akatia laini kwenye ile mpya. Tukangoja. Hakuna mtandao. Akapanda kwenye kichuguu nyuma ya nyumba ambapo hata simu mbovu hushika. Wapi! Mama huuza mboga, na wateja humpigia alfajiri, kwa hivyo siku hiyo hapakuwa na mzaha nyumbani.

Nilitumwa kwa mjomba ambaye ni fundi wa redio. Wala hakuifungua. Alitazama aina yake kwenye intaneti, akacheka. "Hii ilitengenezewa megahezi 850 na 1900 za kule. Hapa kwetu simu za aina hii hutumia 900 na 1800. Haina mlango wa kwetu."

Mlango gani tena? Ndipo akachukua redio kuukuu ya babu na kunionyesha ile swichi ya kuchagua FM, MW na SW. Kila ukiisukuma, vyuma vidogo hugusana mahali pengine, na redio husikiliza kupitia koili nyingine. Simu nayo ina swichi kama hiyo nyuma ya antena, kwa sababu antena ni moja na njia ni nyingi: njia ya 900, njia ya 1800, na kwa kila moja njia ya kusema na njia ya kusikiliza. Tofauti ni kwamba hakuna kidole kinachoisukuma.

Mmewahi kuweka simu karibu na redio, mkasikia "tititi tititi" kabla haijalia? Huyo ndiye shahidi wetu. Simu za 2G hazisemi mfululizo. Wakati hugawanywa mafungu manane na kila simu hupewa fungu lake, lenye mikrosekunde 577 hivi, kisha hungoja zamu irudi. Zamu hurudi takriban mara 217 kwa sekunde. Kwa hivyo ukiongea dakika moja tu, swichi imegeuka kuelekea upande wa kusema zaidi ya mara 12,000, na kila mara ikarudi kusikiliza. Vyuma vya redio ya babu vingekwisha kabla hujamaliza salamu.

Hivyo swichi ya simu haina kitu kinachosogea. Zamani walitumia daiodi: ukiipitishia mkondo inafungua njia, ukiukata inaziba. Lakini mkondo huo hula betri. Baadaye wakaja na transista, kwanza za galiamu aseniki, kisha za silikoni iliyolazwa juu ya tabaka lisilopitisha umeme. Hizo huamrishwa kwa volti tu, karibu bila mkondo.

Sasa ebu tuingie kwenye ugumu wenyewe. Simu ya 900 ikipaza sauti kabisa hutoa wati 2. Sauti ya mlingoti ulio mbali humfikia ikiwa chini ya sehemu moja ya trilioni ya wati. Yote mawili hupita mlango mmoja! Tuseme mlango wa kusikiliza, ukiwa umefungwa, unavujisha sehemu moja tu kati ya elfu. Hiyo ni miliwati 2, na bado ni zaidi ya mara bilioni 2 ya ule mnong'ono. Na mlango uliofunguliwa nao usile. Ukila sehemu 20 kwa kila 100, simu italazimika kutoa wati 2.5 ili 2 zifike kwenye antena. Hiyo nusu wati ni joto shavuni mwako.

Mtasema, si wapanue mlango? Hata mimi nilisema hivyo. Kumbe transista ikiwa pana hupunguza ukinzani inapofunguka, lakini ikifungwa inakuwa kama kapasita kubwa zaidi, na mawimbi ya masafa ya juu hupenya kapasita bila hodi. Ukiongeza njia za masafa mengine, kila mlango uliofungwa huongeza ufa wake. Mhandisi hushinda akipimapima kati ya hayo mawili.

Mwalimu wetu wa Fizikia alitufunza kuwa nguvu ni volti kipeo cha pili kugawanya kwa ukinzani. Nilijaribu: wati 2 katika omu 50 hutoa volti 10, na kilele chake ni kama 14. Betri ya simu ni volti 3.7! Transista moja ndogo ingepasuka, ndiyo maana hupangwa kadhaa kwa mfululizo ili zigawane mzigo. Na zikizidiwa kidogo tu huzaa wimbi la masafa maradufu. Maradufu ya 900 ni ngapi? Ni 1800, yaani unawapigia kelele watu wa njia nyingine.

Simu za 4G nyingi husema na kusikiliza kwa wakati mmoja, kwa hiyo kazi ya kutenganisha huachiwa machujio, na swichi huchagua njia ya masafa tu. Hayo tuyaache, ukurasa unaisha.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mama yote. Akasikiliza huku akichambua sukuma wiki. "Na huyo mjomba wako hawezi kuongeza mlango mmoja?" Nikamwambia mlango peke yake haufai kitu, lazima nyuma yake pawe na chujio na kikuza sauti vya 900, na vyote huwekwa kiwandani.

Akaichukua mulika mwizi yake kwa dada. Ile ya kukunja sasa ndiyo saa yetu ya kutuamsha, na shangazi ameambiwa safari ijayo atume viatu.