WALIOTOKA BADO WANABISHANA
Somo kwa kijana anayetafuta ukweli

Rafiki yangu kijana,

Karatasi hii umepewa bure. Huenda umeipokea uwanjani, huenda umeikuta kwenye kiti cha basi. Huenda huna dini yoyote, au ulipelekwa kanisani ukiwa mdogo ukaachia hapo. Na huenda moyoni unasema: "Hawa wahubiri nao! Nitajuaje kama ni watu wa Mungu au ni matapeli?"

Usione haya kuuliza hivyo. Ni swali zuri, tena linaweza kuokoa maisha yako. Leo tutajifunza kwa watu waliokuwa ndani ya kundi moja, wakatoka, na miaka mingi baadaye wakawa bado wanabishana kuhusu yale waliyofundishwa. Soma mpaka mwisho, halafu upime mwenyewe.

1. KUNDI LILIANZA VIZURI

Katika miaka ya 1950, mji wa Indianapolis huko Marekani, alikuwepo mhubiri kijana aliyeitwa Jim Jones. Kanisa lake liliitwa Peoples Temple, yaani Hekalu la Watu. Siku zile weupe na weusi walikuwa hawaketi benchi moja. Kwa Jones waliketi pamoja, wakala pamoja, wakaimba pamoja. Yeye na mkewe walilea watoto wa rangi mbalimbali kama wao. Kanisa lililisha wenye njaa na kutunza wazee. Jones aliombea wagonjwa, na watu walipiga kelele za furaha.

Mwaka 1965 alihama na wafuasi wake kwenda California. Baadaye wakafungua makanisa San Francisco na Los Angeles. Vijana waliokuwa watumwa wa madawa ya kulevya walisaidiwa kuacha. Wanasiasa wakubwa walimsifu. Mwaka 1976 alipewa cheo cha kusimamia nyumba za serikali ya mji wa San Francisco.

Sasa jiulize: kama ungekuwepo pale, ungekataa kuingia? Watu walioingia hawakuwa wajinga. Wengi walikuwa watu wenye moyo mwema waliotaka dunia yenye haki.

2. NYUMA YA PAZIA

Kidogo kidogo mafundisho yaligeuka. Jones alianza kuidharau Biblia mbele ya watu, akisema ni chombo cha kuwakandamiza maskini. Akafundisha kwamba hakuna Mungu huko juu, na kwamba msaada wao ni yeye. Wakamwita Baba.

Waliotoka walieleza mengi. Ule uvimbe wa saratani uliosemekana kutoka kwa wagonjwa ulikuwa nyama ya kuku iliyoandaliwa. Ule "ufunuo" kuhusu maisha ya watu ulipatikana kwa kupeleleza nyumba zao, hata kupekua takataka zao. Watu walitoa nyumba na mishahara yao. Walisaini karatasi za kukiri makosa ambayo hawakuyafanya, ili siku wakitoka watishwe nazo. Aliyekosea alisimamishwa mbele ya wote, akaaibishwa au akachapwa.

Unaona? Mlango wa kuingia ulikuwa mpana. Mlango wa kutoka ulikuwa kama tundu la sindano.

3. VIJANA WALIOTOKA

Mwaka 1973 vijana 8 waliondoka. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa chuo. Waliacha barua wakilalamika kwamba washirika wengi ni weusi, lakini wakubwa wanaomzunguka kiongozi ni weupe. Ila angalia jambo hili: bado walimheshimu Jones mwenyewe. Waliona kosa liko kwa wasaidizi wake tu. Miguu ilikuwa imetoka, lakini akili ilikuwa bado imebaki ndani.

Ndivyo ilivyo kwa wengi. Mtu hatoki kwenye mafundisho kwa siku moja, kama anavyovua shati.

Wengine walifuata. Mwaka 1977 baadhi yao waliliambia gazeti la New West mambo waliyoyaona. Jones akakimbilia nchi ya Guyana, Amerika ya Kusini, ambako watu wake walikuwa wamefyeka msitu na kujenga kijiji kilichoitwa Jonestown. Watu karibu elfu moja walihamia huko. Pasipoti zao zilichukuliwa.

Waliotoka, pamoja na jamaa za waliobaki, waliunda umoja wao wakapiga kelele. Mwezi Juni 1978 Deborah Layton, aliyekuwa ametoroka kutoka Guyana, aliapa kwa maandishi kwamba kule watu wanafanyishwa mazoezi ya kufa pamoja. Wengi hawakumsikiliza. Si unajua maneno ya watu? "Huyo ni msaliti. Huyo ana chuki binafsi."

4. SIKU YA TAREHE 18 NOVEMBA 1978

Mbunge wa Marekani, Leo Ryan, alisafiri mwenyewe kwenda kuona. Baadhi ya watu wa kijiji wakamwambia: tunataka kuondoka na wewe. Walipofika kwenye uwanja mdogo wa ndege, watu wa Jones waliwafyatulia risasi. Waliuawa watano: mbunge, waandishi wa habari watatu, na mama mmoja aliyekuwa anatoka.

Kule kijijini Jones aliwakusanya wote, akatangaza kwamba saa ya kufa imefika. Mama mmoja, Christine Miller, alisimama. Aliuliza kama hakuna njia nyingine. Alitetea watoto, kwamba wanastahili kuishi. Tunajua hivyo kwa sababu kanda ya sauti ya siku ile ipo. Na nani walimnyamazisha? Jones hakuhitaji kufanya hivyo peke yake. Watu wenzake ndio waliomzomea.

Kinywaji chenye sumu ya sianidi kililetwa. Watoto walianza kunyweshwa. Pale kijijini walikufa watu 909, pamoja na Jones mwenyewe. Ukijumlisha waliouawa uwanja wa ndege na wanne waliokufa mji mkuu Georgetown, ni 918. Zaidi ya 300 walikuwa watoto na vijana wadogo.

Wachache walinusurika. Watu 11 walikuwa wametoroka asubuhi ile kwa miguu kupitia msituni. Bibi mmoja mzee, Hyacinth Thrash, alikuwa amelala chumbani kwake. Alipoamka, kijiji kilikuwa kimya.

5. WALIOTOKA WANABISHANA NINI?

Ungefikiri walionusurika wote wangesema neno moja. Sivyo. Profesa Rebecca Moore, aliyefiwa na ndugu zake wawili wa kike pale Jonestown, alikusanya maandishi yao kwa miaka mingi pamoja na mumewe. Ukisoma utaona hawakubaliani.

Kwanza, wanabishana kama upendo ule ulikuwa wa kweli. Wengine wanasema yote yalikuwa chambo. Wengine, kama Laura Johnston Kohl, aliyeandika kitabu mwaka 2010, walisema waliwapenda wenzao kweli na kwamba lile wazo la watu wa rangi zote kuishi pamoja lilikuwa jema.

Pili, wanabishana kuhusu miujiza. Wapo walioishika ile nyama ya kuku kwa mikono yao. Lakini yule bibi Thrash aliamini kwamba aliombewa akapona uvimbe wa titi.

Tatu, wanabishana lini mambo yaliharibika. Ni pale Jones alipozama kwenye madawa ya kulevya? Ni pale walipohamia msituni? Au mbegu ilikuwepo tangu siku ya kwanza?

Nne, wanabishana kama wale watu walijiua au waliuawa. Kuhusu watoto hakuna ubishi: mtoto hajiui. Kuhusu wakubwa, walikuwepo walinzi wenye silaha, na walikuwepo pia waliokunywa kwa hiari.

Mwaka 2011 iliwekwa kumbukumbu ya mawe kwenye makaburi ya Evergreen, mji wa Oakland, walikozikwa zaidi ya 400. Majina yote yakaandikwa, na la Jones likiwemo. Ubishi ukawaka tena hadi mahakamani. Mama mmoja mhubiri, Jynona Norwood, aliyefiwa na jamaa 27, alipinga vikali jina la muuaji kukaa pamoja na waliouawa. Wengine wakajibu: naye alikufa siku ile, historia iandikwe yote.

6. TUNAJIFUNZA NINI?

Rafiki, usiwacheke watu hawa. Ubishi wao ni dalili ya uzima. Ndani ya Peoples Temple hakuna aliyeruhusiwa kubisha. Siku waliyoweza kusema "hapana, mimi naona tofauti," siku hiyo walianza kuwa huru.

Na ubishi wao unatufundisha kwamba uongo hauji peke yake. Huja umechanganywa na mema. Sumu ile ilikorogwa ndani ya kinywaji kitamu cha matunda. Hata mafundisho ya uongo ndivyo yanavyonyweshwa watu: chakula kwa wenye njaa, nyimbo nzuri, kukumbatiwa, na tone la sumu ndani yake. Kwa hiyo usipime kundi kwa wema unaouona tu. Wala usipime kwa wingi wa watu.

Hata muujiza siyo kipimo cha mwisho. Soma Kumbukumbu la Torati 13:1-3. Pale Mungu anaonya kwamba mtu anaweza kutoa ishara, na ishara ikatokea, lakini kama anakuvuta umwache Mungu, usimfuate. Basi hata kama bibi yule alipona kweli, hilo halikumfanya Jones kuwa Mungu.

Sasa mtazame Yesu. Soma Yohana 6:66-68. Wanafunzi wengi walichoshwa na mafundisho yake wakaenda zao. Je, aliwatumia walinzi? Aliwatisha kwa siri zao? Hapana! Aliwageukia wale kumi na wawili akawauliza kama wao nao wanataka kwenda. Mlango ulikuwa wazi. Waliobaki walibaki kwa sababu walimpenda.

Soma tena Matendo 17:11. Watu wa Beroya walimsikia Paulo, mtume mzima, lakini walirudi kuchunguza Maandiko waone kama asemayo ni kweli. Nao wanasifiwa kwa hilo! Na Mithali 18:17 inatufundisha kwamba msemaji wa kwanza huonekana mkweli mpaka wa pili aje aulize maswali. Kwa hiyo msikilize na yule aliyetoka. Usimwamini kila neno, lakini usimzibe mdomo.

7. VIPIMO VITANO

Ukialikwa kwenye kundi lolote, jiulize haya:

(a) Je, naweza kuuliza swali bila kuitwa muasi?
(b) Je, naweza kutoka bila kutishwa, kulaaniwa au kutangwa siri zangu?
(c) Je, kiongozi naye anapimwa kwa Neno, au yeye ndiye amekuwa Neno?
(d) Je, fedha zinahesabiwa mwangani?
(e) Je, wananitenga na baba, mama na ndugu zangu, wakisema hao ni adui?

Na usiseme, "Hayo ni ya Marekani." Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada la kundi lililokuwa likitangaza mwisho wa dunia. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofunga kula wakitumaini kumwona Yesu. Hao ni majirani zetu, tena wanasema lugha yetu.

8. NA SISI JE?

Sasa utauliza: "Na ninyi mlionipa karatasi hii?" Vizuri! Tupime na sisi. Jones naye alishika maikrofoni, akaombea wagonjwa, akapokea sadaka. Mhubiri anayeogopa kupimwa, mwogope. Ukisikia kwenye jukwaa letu neno lisilopatana na Maandiko, njoo utuulize. Ukiona mtu ametukuzwa badala ya Yesu, ondoka, na usiombe ruhusa ya mtu.

Lakini rafiki, usiache kumtafuta Mungu kwa sababu ya watu waliolitumia jina lake vibaya. Noti bandia ipo kwa sababu noti halali ipo. Hakuna anayeghushi kitu kisicho na thamani.

Wewe mwenyewe chukua Injili ya Yohana. Isome sura moja kila siku, polepole. Andika maswali yako pembeni. Ukiwa tayari, mwambie Yesu kwa maneno yako mwenyewe: "Bwana, kama wewe ni kweli, nionyeshe. Nisamehe dhambi zangu. Niepushe na waongo, na uongo ulio ndani yangu pia." Yeye hamkatai anayeuliza kwa moyo mnyoofu.

MASWALI YA KUJADILI NA RAFIKI ZAKO

1. Kwa nini wale vijana 8 walimlaumu kila mtu isipokuwa kiongozi?
2. Ungekuwa umekaa karibu na Christine Miller siku ile, ungemzomea, ungenyamaza, au ungesimama naye?
3. Katika kundi ulilomo sasa, la dini, la siasa, au la marafiki wa mtaani, ni swali gani unaogopa kuliuliza? Kwa nini?

Ukimaliza kusoma, usiitupe karatasi hii. Mpe mwenzako.