Uvimbe na Meno Bandia Mapya Baada ya Kung'olewa Meno

Baadhi ya wagonjwa huwekewa meno bandia siku ile ile wanapong'olewa meno. Usiku, ganzi inapokwisha, uso huanza kuvimba na meno mapya huhisiwa kubana. Wengi huyatoa ili wapate nafuu, na kumbe hapo ndipo matatizo huanza: fizi huvimba zaidi, na asubuhi meno hayaingii tena.

Saa 24 za kwanza

Meno bandia yaliyowekwa siku hiyo hufanya kazi ya bendeji. Hukandamiza kidonda na kulilinda donge la damu, ambalo ndilo mwanzo wa kupona. Mgonjwa asiyatoe, hata wakati wa kulala, mpaka muda aliopangiwa na daktari wa meno.

Asisukutue wala kutema kwa nguvu. Anayetawadha aingize maji taratibu na kuyaacha yatoke yenyewe. Mate yenye rangi ya damu ni jambo la kawaida. Damu ikizidi, aume shashi safi iliyokunjwa kwa dakika 20 mfululizo, meno bandia yakiwa mahali pake.

Uvimbe

Uvimbe huongezeka hadi siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Siku ya kwanza, barafu iliyofungwa katika kitambaa iwekwe shavuni kwa dakika 10 hadi 15, kisha iondolewe kwa muda kama huo. Kulala kichwa kikiwa juu ya mito miwili husaidia.

Baada ya saa 24, asukutue polepole kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu, hasa baada ya kula.

Chakula na kazi

Uji uliopoa, mtori, bokoboko laini na supu isiyo moto vinafaa. Tende na halua hunata na kuyavuta meno bandia, ziachwe kwanza. Sigara na shisha huchelewesha kupona. Karafuu isitiwe kwenye kidonda.

Joto la Maskati wakati wa kiangazi hupita nyuzi 40. Mgonjwa anywe maji mara kwa mara, bila kutumia mrija, kwa kuwa kufyonza huweza kuling'oa donge la damu. Kazi nzito huweza kuifanya damu ianze kutoka tena. Kwa hiyo, mfanyakazi wa nyumbani au wa ujenzi amweleze mwajiri wake mapema kwamba atahitaji kupumzika.

Kuyatunza meno mapya

Daktari akisharuhusu yatolewe, yasafishwe kwa brashi laini na sabuni juu ya beseni lenye maji, ili yakianguka yasivunjike. Maji ya moto huyapinda. Yakiwa nje ya kinywa, yawekwe ndani ya maji.

Yakichubua fizi, yasikwanguliwe kwa kisu wala tupa. Mgonjwa arudi kwa daktari, naye ayavae siku hiyo ili mahali panapochubuka paonekane. Miezi inavyopita, fizi na mfupa hupungua na meno hulegea. Hiyo si dalili kwamba yalitengenezwa vibaya. Huongezewa tabaka jipya kwa ndani yakakaa sawa.

Dalili za hatari

Mgonjwa arudi kwa daktari wa meno bila kuchelewa iwapo:
- maumivu yanazidi kuanzia siku ya tatu, pamoja na harufu mbaya;
- uvimbe unaongezeka baada ya siku ya tatu;
- ana homa au usaha.

Aende hospitali mara moja, au familia ipige simu 9999, iwapo:
- anashindwa kumeza, kupumua au kufungua kinywa;
- uvimbe unashuka shingoni au kupanda jichoni;
- damu haikomi hata baada ya kuuma shashi.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiziache bila shauri la daktari, wala asinywe aspirini kwa ajili ya maumivu bila kuuliza.