Pedali, Kisima na Kikombe cha Maji Safi

Mwanamke Msamaria alipomkuta Yesu ameketi kando ya kisima cha Yakobo, aliona mara moja shida iliyopo: mgeni hana chombo cha kutekea, na kisima ni kirefu (Yn 4:11). Mazungumzo yale yalifika kwenye maji ya uzima, lakini yalianzia kwenye kina na chombo. Nasi tuanzie hapo. Wengi wetu tutatumwa vigangoni ambako umeme haujafika na dizeli ni ghali. Ikiwa mfadhili atajitolea kuleta mashine ya maji inayoendeshwa kwa pedali, tumjibu nini?

Kwa nini miguu?

Misuli ya mapaja ina nguvu kuliko ya mikono. Mtu mzima mwenye afya anaweza kukanyaga pedali kwa muda mrefu akitoa nguvu ya wati 75 hivi. Tukikadiria kwamba nusu ya nguvu hiyo inapotea kwenye mnyororo, mabomba na msuguano, inayobaki inatosha kupandisha dumu la lita 20 kutoka kina cha mita 10 kwa muda wa dakika moja hivi. Kina kikiwa mita 30, dumu hilo hilo litachukua karibu dakika tatu. Kina kikiongezeka mara tatu, jasho nalo linaongezeka mara tatu.

Aina zinazojulikana

Pampu ya kukanyaga ilianza kusambaa huko Bangladesh karibu na mwaka 1980, kwa ajili ya umwagiliaji. Mtu husimama juu ya mbao mbili na kuzikanyaga kwa zamu, na pistoni mbili huvuta maji. Kenya na Tanzania tunaifahamu kwa jina la MoneyMaker. Pampu ya namna hii hufyonza maji kutoka juu, na ufyonzaji una mpaka: takribani mita saba. Kinachoyasukuma maji yapande ni uzito wa hewa, na katika nyanda za juu hewa ni nyepesi zaidi, hivyo kina hupungua.

Kisima kikiwa kirefu zaidi, pampu ya kamba inafaa. Kamba yenye vizibo vidogo hupita ndani ya bomba na kuyabeba maji hadi juu. Imeenea sana Nicaragua, na kwetu inatengenezwa na mafundi wa Njombe. Kwa kawaida huzungushwa kwa mkono, ila inaweza kuunganishwa na pedali. Huko Guatemala, mafundi wa Maya Pedal hutumia baiskeli chakavu kuunda mashine za kuvuta maji na za kusaga mahindi.

Zipo pia baiskeli zinazochuja. Cycloclean ya Japani hubeba pampu na vichujio. Ukiisimamisha na kukanyaga pedali, maji ya mto husukumwa kupitia vichujio hivyo.

Kuvuta maji si kuyasafisha

Hapa ndipo wengi hukosea. Pampu hupandisha maji jinsi yalivyo. Kisima kikiwa karibu na choo, pedali italeta kipindupindu juu haraka kuliko ndoo. Ni kweli kwamba kisima kilichofunikwa vizuri na kuwekewa pampu hukingwa na ndoo chafu na kamba iliyoburuzwa chini. Hata hivyo, maji ya kunywa bado yachemshwe, au yatiwe klorini, au maji maangavu yawekwe juani katika chupa safi ya plastiki inayoonyesha, kwa saa sita za jua kali. Maji yenye tope yachujwe kwanza, kwa sababu tope hudhoofisha kazi ya klorini na ya jua.

Tena, si kila uchafu ni kimelea. Katika Bonde la Ufa, kama vile Arusha, maji mengi yana floraidi inayobadilisha rangi ya meno na kupinda mifupa ya watoto. Kuchemsha hakuiondoi, wala kichujio cha kawaida. Watu wa Yeriko walimwambia Elisha kwamba mji ni mzuri ila maji ni mabaya. Naye akaenda kwenye chemchemi yenyewe (2 Fal 2:19-22). Nasi tupeleke sampuli maabara kabla ya kununua pampu.

Nani atakanyaga?

Mwaka 2006 ilitangazwa mipango ya kufunga pampu 4,000 za PlayPump kusini mwa Afrika ifikapo 2010. Ilikuwa bembea ya kuzunguka: watoto wacheze, maji yapande. Lengo halikufikiwa. Baadhi ya vijiji vya Msumbiji vilibaki na wanawake wanaozungusha bembea kwa mikono, na zilipoharibika ilikuwa vigumu kuzitengeneza.

Tupige hesabu yetu. Shule yenye wanafunzi 300, kila mmoja lita tano, inahitaji madumu 75 kwa siku. Kisima kikiwa cha mita 30, hizo ni zaidi ya saa tatu za kukanyaga bila kupumzika. Ikiwa wasichana watatolewa darasani kuzikamilisha, hatujawaletea maji, tumewabadilishia mzigo. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato Si' (na. 30), alifundisha kwamba maji salama ni haki ya msingi ya kila binadamu, kwa sababu bila hayo hakuna uhai. Haki hiyo hailipiwi kwa masomo ya binti.

Kwa hiyo jibu kwa mfadhili si ndiyo ya haraka wala hapana. Kwa familia chache na kisima kifupi, pedali ni zawadi njema: haidai mafuta, na fundi baiskeli wa kijijini anaweza kuitengeneza. Kwa shule kubwa yenye kisima kirefu, bora kumwomba pampu ya sola.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Kisima chetu kina kina gani, na maji yake yamewahi kupimwa?
2. Mpira wa pistoni ukikatika leo, utapatikana wapi, na nani ameshika fedha za kuununua?
3. Zamu za kukanyaga zitapangwaje ili wanaume nao washiriki, na wazee na wagonjwa wapate maji bila kukanyaga?
4. Yesu aliahidi thawabu kwa kikombe kimoja cha maji baridi (Mt 10:42). Nani kigangoni kwetu hajapata kikombe hicho?