KITALU CHA MICHE YA KUUZA
Shauri kwa wakulima wa Itaka na sehemu nyingine za Mbozi

1. Biashara hii ni ya namna gani

Mbozi ni nchi ya kahawa. Kila mwaka, mvua za Novemba zinapokaribia, wenye mashamba hutafuta miche. Wengine wataka mibuni ya kujaza nafasi za ile iliyokufa, wengine wataka miparachichi, na wengine wataka miti ya mbao na kuni. Asiye na nafasi ya kuotesha mwenyewe hununua kwa jirani. Kwa hiyo mkulima aliye na kipande kidogo cha ardhi, maji ya kutosha na subira, aweza kupata fedha kwa kazi ya kitalu bila kuliacha shamba lake.

Walakini biashara hii haifanani na biashara ya mahindi au maharage. Mtu akinunua debe la mahindi mabovu, huyajua siku ile ile. Akinunua mche mbovu, aghalabu hajui. Huupanda, huupalilia, huutilia samadi, akingoja matunda ya kwanza katika mwaka wa tatu. Ndipo mti unapoanza kunyauka wakati wa kiangazi, naye hadhani kwamba kosa lilifanyika kitaluni. Basi fahamu tangu mwanzo: mwenye kuuza mche auza pamoja nao miaka ya kazi ya mwenziwe. Maagizo yote yaliyomo katika karatasi hii yatokana na neno hilo.

2. Mahali pa kitalu

Kitalu chataka maji ya karibu, maana katika miezi ya Juni hata Oktoba mvua hakuna, na miche haiwezi kungoja. Lakini usikifanye ukingoni mwa kijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za watu katika mita 60 za ukingo wa mto na chanzo cha maji. Mtu aliyejenga kitalu chake ndani ya mpaka huo aweza kuamriwa kukiondoa wakati miche imekwisha kuota, na hasara itakuwa yake mwenyewe. Pima kwanza, kisha safisha mahali. Kama wataka kuvuta maji ya kijito kwa mfereji au kwa pampu, uliza kwanza katika ofisi ya kata kibali kinavyopatikana.

Chagua mahali penye mteremko mdogo, ili maji ya mvua yasituame, tena pasipo na upepo mkali. Jenga chanja ya nguzo na fito, juu ukatandaze majani makavu kiasi cha kuingiza nusu ya mwanga wa jua. Chanja iwe juu ya kimo cha mtu, ili uweze kufanya kazi chini yake bila kuinama.

3. Mbegu na aina

Usiokote mbegu chini ya mbuni wo wote. Maradhi mawili yawasumbua wakulima wa kahawa: kutu ya majani, na chulebuni, ambayo ilionekana kwanza nchini Kenya mwaka 1922. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, iitwayo TaCRI, imetoa aina zinazostahimili maradhi hayo, nayo ina kituo Mbimba, humu humu wilayani Mbozi. Yafaa uende huko, au umwulize Bwana Shamba, ambaye siku hizi huitwa Afisa Ugani, ni aina gani zifaazo kwenu na jinsi ya kuzipata. Kumbuka kwamba mbegu ya mbuni chotara haizai daima mti ulio sawa na mama yake. Mtu akiuza miche ya mbegu kama hiyo na kuiita aina bora, amemdanganya mnunuzi, hata kama hakukusudia. Tena mwulize Afisa huyo juu ya sheria za mbegu na miche kabla hujaanza kuuza kwa wingi.

Mbegu ya kahawa haikai. Baada ya miezi michache nguvu yake ya kuota hupungua upesi. Kwa hiyo isie ingali mpya, upande wake bapa ukielekea chini, kisha uifunike kwa udongo mwepesi kiasi cha unene wa kidole. Katika nchi ya baridi kama hii, yaweza kuchukua wiki nane au zaidi kuchomoza. Ukimwagilia kupita kiasi, kinyausi huingia, na miche huanguka kwa kuoza shingoni. Tuta liwe na unyevu, lisiwe tope.

4. Kiriba na mzizi mkuu

Changanya udongo wa juu madebe matatu, samadi iliyooza sawasawa madebe mawili, na mchanga debe moja. Samadi mbichi huunguza mizizi. Tumia viriba virefu, kiasi cha inchi 9, vyenye matundu chini.

Hamisha mche ungali kama njiti ya kiberiti, au majani yake mawili ya kwanza yanapofunguka. Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika. Mfanya kazi mwenye haraka hutoboa shimo fupi, akausukuma mche ndani, na mzizi mkuu ukapinda kama ndoana. Juu ya udongo mche huo waonekana mzuri kama wenzake, nao hukua vizuri mwaka wa kwanza. Lakini mzizi uliopinda hauendi chini kutafuta maji, na kiangazi kikali kitakuja kuuonyesha. Toboa shimo refu kupita mzizi. Mzizi ukiwa mrefu mno, ukate ncha kwa kisu kikali. Tia mche, uuvute juu kidogo ili mzizi unyoke, ndipo ushindilie udongo kwa vidole. Kama unaajiri vijana, usiwalipe kwa hesabu ya viriba peke yake, maana utakuwa umewalipa kwa haraka yao.

Miezi miwili kabla ya kuuza, punguza kivuli na maji kidogo kidogo, ili miche izoee jua. Mche uliotoka kivulini moja kwa moja kwenda shambani huungua, na mnunuzi atakulaumu wewe.

5. Hesabu ya gharama

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari, uandike kila senti inayotoka na kila inayoingia. Andika pia siku za kazi zako mwenyewe na za watoto wako, maana kazi ya nyumbani nayo ina bei.

Wauzaji wengi hukosea katika kugawa. Tuchukue mfano. Tuseme umejaza viriba 1,000, na gharama zote, yaani viriba, mbegu, samadi, chanja, maji na kazi, zimefika shilingi 340,000. Mtu husema, “Kila mche umenigharimu shilingi 340.” Sivyo. Katika kila kitalu iko miche inayokufa, na iko mingine iliyodumaa ambayo haifai kuuzwa. Tuseme hiyo ni 150. Basi miche ya kuuza ni 850, na ukigawa shilingi 340,000 kwa 850, utaona kwamba kila mche umekugharimu shilingi 400. Ukiuza yote kwa shilingi 340, utapata shilingi 289,000, na utakuwa umepoteza shilingi 51,000 huku ukidhani kwamba umerudisha gharama. Hesabu hii ni mfano tu. Tia gharama zako mwenyewe. Gawa kwa miche iliyouzika, usigawe kwa viriba ulivyojaza, kisha juu yake uongeze faida yako.

Ukipata jirani auzaye kwa bei ndogo kuliko gharama zako, usimfuate mbio. Labda yeye hajui kugawa, naye hatakuwapo mwaka ujao. Au labda ana njia nzuri kuliko yako. Basi nenda ukajifunze.

6. Miezi isiyo na fedha

Kahawa iliyosiwa mwishoni mwa Septemba huwa tayari kwa mvua za mwaka ufuatao. Yaani kwa muda wa miezi kumi na minne fedha zatoka tu, wala haziingii. Wengi huanguka hapa. Katikati huishiwa, wakaacha kumwagilia, au wakauza miche michanga kwa bei ya kutupa.

Dawa yake ni kuwa na kazi fupi pamoja na ile ndefu. Miche ya kabichi, nyanya na chainizi huwa tayari kwa wiki nne hata sita. Mparachichi wa kubebesha una bei kuliko ule wa mbegu tupu: panda mbegu ya parachichi la kienyeji, na shina likifika unene wa penseli, libebeshe kikonyo kutoka kwenye mti mzazi wenye afya ambao wewe mwenyewe umeyaona matunda yake. Kisu kiwe kikali na safi, nawe ukifunge kiungo hicho barabara, maji yasiingie.

Tena iko kazi ya kupogoa. Mavuno ya kahawa yakiisha, kabla ya mvua, wako wazee na wajane na watu walio safarini ambao mibuni yao imekuwa kichaka. Mwenye mkasi na msumeno mdogo hukosa kazi mara chache katika miezi hiyo. Zunguka shambani pamoja na mwenyewe kwanza, hesabuni miti pamoja, mkubaliane bei ya kila mti na ni nani atakayeyaondoa matawi. Ukitoka kwenye mti mgonjwa, safisha mkasi kabla ya kuugusa mwingine, usije ukawa wewe ndiwe mchukuzi wa maradhi shamba kwa shamba.

Tawi kubwa hukatwa mara tatu: kwanza chini, mbali kidogo na shina, pili juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza, tawi lianguke bila kuchana gome, tatu kisiki kinachobaki, karibu na shina lakini bila kulijeruhi. Mti ulio karibu na nyaya za umeme usiupande kwa malipo yo yote. Mwenyewe awapelekee habari watu wa TANESCO.

7. Arbuni, mkopo na ahadi

Mtu akiagiza miche, mtake arbuni, ikiwezekana theluthi ya bei. Asiyetoa cho chote hajaagiza, amesema tu. Andikeni katika daftari idadi, aina, bei na siku ya kuchukua, kila mmoja atie sahihi au dole gumba.

Mkopo ni jambo zito, maana anayeuomba ni ndugu au jirani. Wakulima wengi hupata fedha chama cha ushirika kinapolipa kahawa, na malipo yaweza kuchelewa. Kataa kwa upole, au kopesha sehemu ambayo, hata isiporudi, kitalu chako hakifi. Kumkopesha kila mtu ni kuwafanya wote wakukimbie njiani.

8. Miche iliyobaki

Mvua zikipita, miche kadhaa itabaki. Hili ndilo jaribio la mwenye kitalu. Mche uliokaa kiribani mwaka mwingine mizizi yake huzunguka chini kama kamba. Mwaka ufuatao utakuwa mrefu kuliko wote, na mnunuzi asiyejua atauchagua huo kwanza. Usimwuzie. Utupe, uandike hasara katika daftari, na mwaka ujao upunguze idadi ya viriba.

Yafaa uweke desturi hii: mtu akija kununua miche mia, mwache achague kiriba kimoja kwa mkono wake, ukipasue mbele yake, muutazame mzizi pamoja. Ukiwa umenyoka, hana haja ya kuuliza zaidi. Ukiwa umepinda, pasueni vingine, na kama hivyo navyo vimepinda, usiuze fungu hilo. Hasara ya mche mmoja katika mia ni ndogo, nayo itakuletea wanunuzi ambao tangazo haliwezi kuwaleta.

9. Ya kukumbuka

(1) Pima mita 60 kutoka majini kabla ya kujenga chanja.
(2) Jua asili ya kila mbegu na kila kikonyo.
(3) Nyosha mzizi mkuu siku ya kuhamisha, baadaye haunyoshwi.
(4) Gawa gharama kwa miche iliyouzika.
(5) Uwe na kazi fupi za kukulisha katika kazi ndefu.
(6) Pokea arbuni, uandike kila ahadi.
(7) Mche usioweza kuupanda katika shamba lako mwenyewe usimwuzie mwenzio.

Katika kijiji watu hukumbuka mti ulitoka kwa nani. Mwaka wa nne mnunuzi wako atapita chini ya mibuni yake, imezaa au imekauka, naye atataja jina lako mbele ya majirani. Fanya kazi ya leo kwa ajili ya siku hiyo.