ELIMU KWA UMMA: Kubadilisha madirisha Lodwar, hesabu ya kufanya kabla ya kumwita fundi

Mjini Lodwar joto la mchana hufika nyuzi 35 miezi mingi ya mwaka, na nyumba ya mawe yenye paa la mabati huendelea kuchemka hata baada ya jua kutua. Watoto hulala nje, na mwenye nyumba huanza kulaumu madirisha. Wakati mwingine lawama hiyo ni ya haki. Mara nyingi, hata hivyo, madirisha mawili tu ndiyo yenye kosa, na mkazi hulipia manane.

Jambo la kwanza ni kujua kila dirisha linatazama upande gani. Lodwar iko karibu na ikweta, kiasi cha digrii 3 kaskazini, kwa hiyo saa sita mchana jua huwa karibu juu ya utosi mwaka mzima. Hata mwezi wa Desemba, linapoelekea kusini kabisa, upenu uliotokeza sentimita 60 juu tu ya dirisha lenye urefu wa mita 1.2 hulifunika lote kwa kivuli adhuhuri. Madirisha ya kaskazini na kusini basi hayana shida kubwa ikiwa paa limetokeza vya kutosha. Shida iko mashariki na magharibi, ambako jua huwa chini na kuingia moja kwa moja, upenu usiweze kulizuia.

Upande wa magharibi ndio mbaya zaidi, kwa sababu jua hulipiga dirisha wakati nyumba imekwisha kupata moto. Saa kumi jioni, kila mita mraba ya kioo cha kawaida kinachotazama magharibi inaweza kupitisha joto la wati 500 hivi. Madirisha mawili ya mita 1.2 kwa 1.2 yana jumla ya mita mraba 2.88. Hilo ni joto linalozidi la pasi ya umeme ya wati 1,000 iliyoachwa ikiwaka katikati ya sebule hadi magharibi.

Pazia la ndani halisaidii sana, maana jua likishapita kioo, joto liko ndani tayari. Kizuizi kinafaa kiwe nje: mbao za kufungika, kipande cha mabati kilichotokezwa na kushushwa mbele ya dirisha, mkeka wa majani ya mkoma kama ule ambao akina mama wa Turkana husuka, au mwarobaini uliopandwa mahali pake. Mkeka huharibika na hubadilishwa, lakini bei yake haikaribii ya dirisha jipya.

Ikiwa fremu zimeliwa na kutu, haziingii tena mahali pake, au vumbi linapita hata dirisha likiwa limefungwa, hapo kubadilisha kuna maana. Tatizo ni namna makadirio ya bei yanavyosomwa. Tuseme, kwa ajili ya kujifunza hesabu tu, fundi anataja Sh18,000 kwa dirisha, na nyumba ina madirisha 8. Mwenye nyumba anaandika Sh144,000 na kufunga daftari. Hajaweka usafiri wa vioo kutoka Kitale, tuseme Sh12,000. Hajaweka kuziba plasta inayobomoka fremu ya zamani inapong'olewa, tuseme Sh1,500 kwa kila dirisha, yaani Sh12,000 nyingine. Jumla sasa ni Sh168,000. Ikiwa bei hizo hazikujumuisha ushuru wa VAT wa asilimia 16, zinaongezeka Sh26,880 na kufika Sh194,880. Lile dirisha la Sh18,000 limekuwa la Sh24,360.

Kwa hiyo makadirio yaandikwe kwa kila kipengele: fremu, kioo na unene wake, grili, wavu wa mbu, rangi, usafiri, kung'oa, plasta na ushuru. Iandikwe pia ni nani atakayelipa kioo kikivunjika njiani, kwa kuwa safari ni ndefu. Mafundi wawili wakipimia kwa futi na mita, bei zao zigeuzwe ziwe za mita mraba kwanza ndipo zilinganishwe.

Kuna kosa lingine ambalo hugharimu pesa na kuongeza joto kwa pamoja. Wengi hung'oa madirisha ya chuma yanayofunguka kwa bawaba na kuweka ya alumini ya kusukuma kando kwa sababu yanapendeza. Dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu, maana kioo kimoja hukaa nyuma ya kingine. Nyumba isiyo na kiyoyozi, na nyingi hazina, inakuwa imelipa ili ipoteze nusu ya upepo wake. Lodwar ina bahati ya upepo unaovuma sana kutoka mashariki. Ni hasara kuufungia mlango. Alumini ya bawaba pia hutengenezwa, na mwenye nyumba ana haki ya kuidai.

Vioo vya tabaka mbili vina kazi yake katika ofisi inayopozwa kwa mashine. Katika nyumba ambayo madirisha hushinda wazi, hewa ya moto hupita kando ya kioo hicho cha bei ghali bila kukijali. Kioo cheusi nacho hunyonya jua, kikapata moto na kuupeleka sehemu yake ndani, na chumba kikawa giza hadi taa iwashwe mchana.

Kabla ya hayo yote, inafaa kutazama juu. Nyumba ya mabati isiyo na dari hupokea joto jingi zaidi kutoka paani kuliko madirishani, na mwenye fedha za kazi moja tu aanze na dari. Mpangaji naye azungumze na mwenye nyumba na kupata makubaliano ya maandishi, kwani dirisha likishajengewa ukutani halibebeki.

Kazi ikianza, madirisha yang'olewe machache kwa siku, kuanzia asubuhi, na mapya yawekwe kabla fundi hajaondoka jioni. Grili ya chumba cha kulala iachiwe sehemu inayofunguka kutoka ndani, watu wapate pa kutokea moto ukizuka.