YAKOBO ALIPOULIZWA JINA

Andiko: Mwanzo 27:15-24, 32:22-32



Sisi wakimbizi tunaulizwa jina kila siku: ofisini, shuleni, na hapa Mulago katika hospitali iliyoanza mwaka 1913. Tunajibu, linaandikwa, tunapewa karatasi. Lakini karatasi haijibu swali la moyoni: mimi ni nani sasa, baada ya kupoteza nyumba, kazi na heshima?

1. Ukweli mbele za Mungu
Yakobo naye alikimbia kwao. Baba yake, asiyeona tena, alipomwuliza yeye ni nani, alijibu kwamba ni Esau. Alipata baraka, lakini akaikosa nyumba ya baba yake. Alikaa ugenini kwa Labani miaka 20. Akapata watoto na mifugo, ila hofu ya ndugu yake haikumtoka. Usiku mmoja, kwenye kivuko cha Yaboki, akaulizwa tena jina. Safari hii alisema ni Yakobo. Ndipo akapewa jina jipya, Israeli. Aliyeuliza alikuwa anajua. Yakobo ndiye aliyehitaji kulitamka.

2. Ukweli pamoja na ndugu
Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, hapa hapa Kampala, walikutana watu wawili wenye kiu moja. Simeoni Nsibambi alikuwa Mganda. Joe Church alikuwa daktari Mwingereza, aliyetoka Gahini, Rwanda, akiwa amechoka baada ya njaa kali. Enzi zile za ukoloni, mzungu na mwafrika hawakuzoea kufunguliana mioyo. Hawa wawili walisoma Biblia na kuomba pamoja kama ndugu. Kutokana na watu kama hao uamsho ukaenea Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya, Tanganyika na Kongo. Waliookoka waliungama dhambi, wakarudisha vya wizi na kupatana na waliokosana nao. Hawakujitafuta peke yao. Walitembea nuruni pamoja (1 Yohana 1:7).

3. Ukweli na hekima
Wako kati yetu ambao usalama wao unategemea kunyamaza. Hao tusiwalazimishe kusimulia habari zao. Yesu mwenyewe hakumjibu Herode neno (Luka 23:9). Kunyamaza si kusema uongo. Lakini tukichukua haki ya mwingine kwa jina lisilo letu, hapo tumevaa ngozi za mbuzi kama Yakobo. Msaada utaisha, na hofu itabaki.

Yakobo aliondoka pale akichechemea. Ukweli una gharama. Lakini ndugu aliyemwogopa miaka yote alimpigia mbio, akamkumbatia, wakalia pamoja (Mwanzo 33:4). Mtu wa kweli ndiye anayeweza kukumbatiwa. Aliyejificha, hata akipendwa, huona anapendwa mwingine.

Maswali ya kujadiliana
1. Ni jina gani tulilopewa na watu ambalo Mungu hatuiti kwalo?
2. Tofauti kati ya kunyamaza kwa hekima na kudanganya ni nini?
3. Nyumbani mwetu, je, watoto wanaweza kusema kweli bila kuogopa?

Tuombe: Bwana, wewe unatujua kabla hatujaandikwa popote. Tupe ujasiri wa kusema kweli mbele zako, na ndugu wa kutembea naye nuruni. Amina.