Kontakta Ndogo Ndani ya Paneli: Mafunzo Niliyopata

Paneli ninazounda ni za mota ndogo: pampu za visima, feni, mikanda ya kubebea mizigo, mashine za kukatia majani ya ng'ombe. Nyingi hazizidi kilowati 4. Kwa hiyo kontakta ninayoifunga mara nyingi ni ile ndogo, upana wake milimita 45, inayobanwa kwenye reli ya milimita 35. Kwa udogo wake watu huidharau, halafu ndiyo inayowarudisha dukani.

1. Ampea zilizoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi si za mota

Ukiomba dukani kontakta ya ampea 20, utapewa iliyoandikwa 20 ubavuni. Namba hiyo huwa ni ya AC-1, yaani mzigo mpole kama hita. Mzigo wa mota husomwa kwenye mstari wa AC-3, na hapo kontakta hiyohiyo inaweza kuwa ya ampea 9 tu, ambazo kwa volti 400 ni mota ya kilowati 4. Mota inapowaka huvuta mkondo mara sita au zaidi ya ule wa kawaida. AC-3 inakubali kontakta iufunge mkondo huo, lakini kuukata inategemea mota iwe imeshashika kasi na mkondo umeshuka.

Winchi haina subira hiyo. Mwendeshaji anagusagusa kitufe ili mzigo usogee kidogokidogo, na kila akiachia anakata mkondo ukiwa bado juu. Hiyo ni AC-4, na kontakta iliyochaguliwa kwa AC-3 itakula vidole vyake vya kufunga na kukata umeme mapema. Hapo napanda saizi, mteja anune asinune. Mota mpya za daraja la IE3 nazo huwaka kwa mkondo mkubwa zaidi, ndiyo maana kiwango cha IEC 60947-4-1 kiliongeza AC-3e kwa ajili yao.

2. Volti za koili zipimwe wakati mota inawaka

Hili ndilo lililonifundisha zaidi. Koili ya volti 230 imeahidiwa kuvuta sawasawa kuanzia asilimia 85 hadi 110, yaani takriban volti 195 hadi 253. Ikishavuta inaweza kung'ang'ania hata volti zikishuka chini ya hapo, ila zikiwa chini ya asilimia 75, kama volti 172, inaruhusiwa kuachia muda wowote.

Mkulima mmoja mwenye kisima mbali na transfoma alikuwa anaunguza kontakta moja baada ya nyingine, akaamini anauziwa feki. Mota ikiwa imezimwa, mita kwenye fezi na nyutro zinazolisha koili ilionyesha volti 225. Safi kabisa. Nikaiweka mita ikumbuke kiwango cha chini, nikamwambia abonyeze. Mota ilipojaribu kuzunguka volti zilianguka hadi mia na sitini na kitu, kontakta ikaachia, mzigo ulipotoka volti zikapanda, ikavuta tena. Trrrrr! Kila mpigo ulikuwa mwako mpya wa mota na cheche mpya kwenye vidole.

Koili nayo huumia. Koili ya AC, kabla chuma chake hakijafunga kabisa, huvuta mkondo unaoweza kufika mara kumi ya ule wa kushikilia. Chuma kisipofunga, mkondo haushuki, na koili inapikika. Kontakta kubwa zaidi isingemsaidia mtu yule, kwa sababu koili yake ingedai mkondo zaidi kutoka kwenye waya uleule. Dawa ilikuwa kebo nene, pamoja na rilei ya kuchunga volti inayochelewa kidogo kabla ya kuruhusu pampu iwake.

3. Boya moja halitoshi

Boya la tangi likiwa kwenye maji yanayochezacheza, huiwasha na kuizima kontakta bila mpango. Weka la juu na la chini.

4. Kontakta hailindi mota

Kazi yake ni kufunga na kukata. Ulinzi wa mzigo kuzidi ni wa ovalodi, uzungushwe hadi ampea zilizo kwenye kibati cha mota, na ncha zake za 95-96 ziwe kwenye njia ya koili. Nimezikuta paneli ambazo ovalodi imefungwa vizuri, waya wa 95-96 umerukwa. Ovalodi inaachia, pampu inaendelea.

5. Toboa kwanza, funga baadaye

Chembe za chuma zinazotoka wakati wa kutoboa paneli hupenda sumaku. Zikiingia kati ya nyuso za chuma cha koili, kontakta inanguruma mchana kutwa na watu wanalaumu umeme. Kwenye mashine za kusaga, vumbi la unga hufanya hivyohivyo, kwa hiyo boksi liwe na raba mlangoni. Nikilazimika kutoboa paneli iliyokwisha kufungwa, nafunika kila kitu kwa karatasi na kunyonya chembe. Kupuliza kunazisukuma ndani zaidi.

6. Kitufe cha kuzima kikae upande wa fezi

Kati ya ncha mbili za koili, A2 iende nyutro moja kwa moja, vitufe vyote vikae kabla ya A1. Kitufe cha kuzima kikiwa upande wa nyutro, waya unaotoka A2 ukichubuka na kugusa boksi lenye ethi, koili inapata njia yake ya kurudi bila kukipitia. Unabonyeza, mota inacheka.

7. Jaribu kabla ya kuunga mota

Nikimaliza nawasha njia ya koili peke yake: kubonyeza, kuachia, kubofya kitufe cha jaribio cha ovalodi, kusikiliza kama inavuta kwa pigo moja. Kisha ndani ya mlango naandika volti za koili, saizi ya AC-3 na ampea za ovalodi. Koili ya volti 24 na ya volti 230 za muundo mmoja hufanana sana kwa umbo, na atakayeibadilisha huenda si mimi.